Amri au habari: nini hasa kiliwaweka watu ndani wakati wa korona

Mwaka 1952 homa ngeni iliingia Newala na vijiji vya uwanda wa Makonde. Iliwashika watu viungo ikawapinda, wengine wakawa wanatembea wameinama kama wanatafuta kitu walichokiangusha. Wenyewe wakaiita chikungunya, neno la Kimakonde linalosema habari ya kukunjika. Wataalamu waliokuja kuichunguza hawakuibadilisha jina. Leo daktari wa Brazil au India akimpima mgonjwa wa homa hiyo, anaandika neno la Newala kwenye cheti.

Nimeanza mbali kidogo, ila nitarudi huko. Ninalotaka kulifafanua ni jambo ambalo bado linabishaniwa barazani kila korona inapotajwa: je, kufungia watu ndani kulisaidia? Mjomba wangu wa Mikindani ana jibu lake tangu zamani. "Sisi hatukufungiwa, na tupo," husema, na kwake maneno yameishia hapo. Binti yake ni muuguzi. Humjibu kwa swali moja tu: "Baba, waliokufa Februari ile ya 2021, nani aliwahesabu?" Nimewasikiliza mara nyingi, na nimegundua kwamba hawabishani hata kidogo. Kila mmoja anajibu swali lake.

Tatizo la kwanza ni neno lenyewe. "Lokidauni" ilikuwa kapu, na kila nchi ilitia vyake. Wuhan, mji wa watu milioni 11 hivi, ulifungwa Januari 23, 2020 na haukufunguliwa hadi zilipotimia siku 76. India iliwatangazia watu zaidi ya bilioni 1.3 usiku wa Machi 24 kwamba baada ya saa nne hakuna kutoka, na vibarua wa mijini wakaanza kurudi makwao kwa miguu, mamia ya kilomita. Kenya ilizuia watu kutembea kuanzia saa moja jioni. Siku chache baadaye mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya kwao Nairobi. Uganda ilifunga shule Machi 2020, ikaja kuzifungua zote Januari 2022. Sweden iliacha shule za watoto na mikahawa wazi, ikawaomba watu wapunguze kukutana. Ukisema "lokidauni ilifanya kazi" au "haikufanya kazi", swali linalofuata ni: ipi kati ya hizo?

Na sisi? Machi 16, 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alimtangaza mgonjwa wa kwanza, msafiri aliyetoka Ubelgiji. Kesho yake Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, ambaye kwa watu wa kusini alikuwa mbunge wa Ruangwa, alifunga shule na kuzuia mikusanyiko na michezo kwa siku 30. Vyuo vikafuata. Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa na sherehe za Muungano zikafutwa. Misikiti na makanisa yalibaki wazi, na Ramadhani ilipoingia mwishoni mwa Aprili tarawehe ziliswaliwa. Wanafunzi wa vyuo na kidato cha sita walirudi Juni 1, shule nyingine Juni 29. Kwa hiyo mjomba anaposema hatukufungiwa, amesahau miezi mitatu na siku kadhaa ambayo wajukuu wake walishinda nyumbani. Tulifungiwa kipande, kisha tukafunguliwa mapema kuliko majirani zetu wengi.

Kwa nini kufunga kulidhaniwa kutasaidia? Hesabu yake inawezekana kuifanya kwa kijiti mchangani. Kirusi cha mwanzo, bila kizuizi, mgonjwa mmoja aliambukiza kwa wastani watu wawili hadi watatu. Tuseme wagonjwa wanaongezeka maradufu kila baada ya siku tatu. Ukianza na mmoja, baada ya siku 30 unao 1,024. Ukichelewa siku tisa tu kuchukua hatua, mzigo unaopokea hospitali ni mara nane ya ule ambao ungeupokea. Hakuna hospitali yenye vitanda mara nane vilivyowekwa akiba, si Ligula, hospitali yetu ya rufaa hapa Mtwara, wala za Milano. Kufunga kulikuwa njia ya kuvuta muda ili wagonjwa wasijae siku moja, na ili chanjo iwakute watu wakiwa hai. Chanjo ya kwanza iliyopita kwenye majaribio makubwa ilianza kutolewa kwa umma Uingereza Desemba 8, 2020. New Zealand ndiyo mfano unaosemwa zaidi: walifunga nchi Machi 25, 2020 wagonjwa wakiwa bado wachache, bahari imewazunguka pande zote. Ndani walifungua baada ya wiki kadhaa, ila mipaka wakaiacha imefungwa hadi chanjo ikafika. Kuanzia 2020 hadi 2022 vifo vyao havikuzidi sana vile vya miaka ya kawaida.

Hapo ndipo wataalamu wanapoanza kutofautiana. Juni 2020 watafiti wa Imperial College London walikadiria kwamba hatua zilizochukuliwa katika nchi 11 za Ulaya ziliokoa maisha ya watu kama milioni tatu. Mwaka 2022 wachumi watatu, Jonas Herby, Lars Jonung na Steve Hanke, walikusanya tafiti za wengine wakahitimisha kwamba zuio za mwanzo wa 2020 zilipunguza vifo kwa asilimia 0.2 tu. Milioni tatu kwa upande mmoja, karibu na sifuri kwa upande mwingine. Watu wengi walichukua namba iliyowapendeza wakaondoka nayo.

Ukizisoma kwa utulivu, zote mbili zina mwanya. Hesabu ya kwanza ilichukulia kwamba bila amri za serikali watu wangeendelea na maisha kama kawaida huku majirani wakizikwa, kwa hiyo kila kupungua kwa maambukizi kulihesabiwa kuwa kazi ya amri. Hesabu ya pili iliita lokidauni amri yoyote ile, hata ya kuvaa barakoa peke yake, na ililaumiwa kwa namna ilivyochagua tafiti za kuingiza na za kuacha. Utafiti mwingine uliochapishwa Desemba 2020 katika jarida la Science ulitenganisha hatua moja moja. Ukaona kwamba kuzuia mikusanyiko ya zaidi ya watu kumi, kufunga shule pamoja na vyuo, na kufunga biashara za kukutana uso kwa uso vilipunguza maambukizi sana. Amri ya kubaki nyumbani, ikija juu ya hizo, iliongeza kidogo tu. Mimi huamini zaidi kazi za aina hii, kwa sababu zinaingiza mkono ndani ya kapu na kutoa kitu kimoja kimoja.

Lakini utafiti ulionibadilisha mawazo ni wa Austan Goolsbee na Chad Syverson wa Chuo Kikuu cha Chicago. Walichukua takwimu za simu za mkononi zinazoonyesha watu wameingia katika maduka gani nchini Marekani, wakalinganisha maeneo mawili yanayopakana, moja lina amri ya kubaki nyumbani na jingine halina. Watu walioingia madukani walipungua kwa asilimia 60. Katika hizo 60, amri za serikali zilieleza 7 tu. Nyingine zote zilikuwa uamuzi wa watu wenyewe, na uamuzi huo ulikwenda pamoja na idadi ya vifo vilivyotangazwa katika eneo lao. Hata walioendelea kutoka waliacha maduka makubwa yenye msongamano wakaenda madogo. Watu walijifungia kabla ya kufungiwa, na kilichowafungia ni habari.

Ndiyo maana huwezi kuzungumzia lokidauni ukaviacha vyombo vya habari nje. Kwa kituo kimoja cha Marekani, Fox News, kulikuwa na watangazaji wawili maarufu wa jioni. Mwanzoni mwa Februari 2020 Tucker Carlson aliwaonya watazamaji kwamba ugonjwa huu ni hatari. Sean Hannity, kwenye kituo hichohicho, aliupuuza mwanzoni, akaja kubadilika taratibu kuanzia mwishoni mwa Februari. Wachumi walipofuatilia, waliona kwamba maeneo yaliyomtazama zaidi Hannity kuliko Carlson yalipata wagonjwa na vifo vingi zaidi katika wiki za mwanzo. Watazamaji wale walifanana kwa mambo mengi. Waliachana kwa saa moja ya televisheni.

Vyombo vya habari viliumiza kwa upande mwingine pia. Machi 16, 2020 Imperial College ilitoa makadirio kwamba Uingereza ingepoteza watu 510,000 na Marekani milioni 2.2 iwapo hakuna hatua yoyote itakayochukuliwa. Vichwa vingi vya habari vilikamata namba vikaliacha lile "iwapo". Vifo vilipokuja kuwa pungufu ya hapo, watu wakaambiwa wataalamu walidanganya. Sweden nayo ilitumiwa kama mpira. Katikati ya 2020 ilikuwa mfano wa nchi iliyoua wazee wake, na ni kweli kwamba vifo vyake vilizidi sana vya Norway na Finland, vingi vikiwa kwenye nyumba za kulelea wazee. Mfalme wao mwenyewe alisema Desemba ile kwamba wameshindwa. Ukijumlisha 2020 hadi 2022, Sweden iko miongoni mwa nchi za Ulaya zenye ongezeko dogo la vifo. Mambo yote mawili ni kweli. Ni watu wachache waliyapata yote mawili kwenye habari moja.

Sasa Peru, nchi ambayo naomba kila anayebishana juu ya jambo hili aitazame, hasa akiwa anaishi Mtwara au Lindi.

Peru ilifunga mapema, katikati ya Machi 2020, na ilifunga kwa nguvu, jeshi barabarani. Ikaishia kuwa na kiwango cha vifo cha juu kuliko nchi yoyote duniani kwa kulinganisha na idadi ya watu. Mei 2021 serikali yao ilirekebisha hesabu ya vifo kutoka kama 69,000 hadi 180,764, kwa nchi ya watu milioni 33 hivi. Kwa nini? Karibu nusu ya kaya hazikuwa na jokofu, kwa hiyo mtu hawezi kununua chakula cha wiki mbili akajifungia. Alikwenda sokoni kila siku mbili tatu, na kwa kuwa saa za kutoka zilibanwa, wote walikwenda saa zilezile, masoko yakafurika. Wafanyakazi wengi waliishi kwa kipato cha siku. Serikali ilipotoa fedha za msaada, watu wengi hawakuwa na akaunti, wakapanga foleni benki, bega kwa bega. Zuio lililokusudiwa kuwatenganisha likawakusanya.

Nikisoma habari za Peru naiona Feri ya Mtwara. Samaki wa leo huliwa leo. Mama anayenunua changu wa elfu tatu asubuhi hana mahali pa kumweka hadi Jumamosi. Anayesukuma bajaji kutoka Chikongola hadi stendi anarudi na hela ya unga, na asipotoka hakuna unga. Nyumba nyingi zetu ni za vyumba vya kupanga, familia nne zinatumia choo kimoja na bomba moja. Ukiwaambia wabaki ndani umewaambia wabaki pamoja. Vijijini, Mei na Juni ni miezi ya kuvuna ufuta na kuupeleka chama cha msingi ukauzwe mnadani. Mkulima wa Nachingwea au Masasi asiyevuna mwezi huo, kwake mwaka umeharibika. Tena nusu ya Watanzania ni vijana wa miaka 18 hivi kushuka chini, wakati Italia nusu yao wamepita miaka 46, na ugonjwa huu uliua wazee kuliko vijana kwa tofauti kubwa sana. Kufungia watu majumbani hapa kungegharimu zaidi na kuokoa wachache zaidi kuliko Lombardia, kule Italia. Katika hilo namuunga mkono mjomba bila kusita.

Swali la binti yake ndilo linaloniuma.

Aprili 2020, bila amri yoyote ya kubaki ndani, mji wetu ulipungua watu. Ndoo za maji tiririka zilisimama mlangoni mwa kila duka. Malimao na tangawizi vilipanda bei. Watu waliacha kupeana mikono, na hilo kwa watu wa pwani si jambo dogo. Mabasi ya Dar es Salaam yaliingia na abiria wachache, na aliyeshuka alitazamwa, kwa sababu kila mtu alijua ugonjwa unasafiri kwa barabara ileile inayoleta bidhaa. Hakuna polisi aliyetufanya hivyo. Kila siku mbili tatu tulisikia namba kutoka Wizara ya Afya, na tulizipima wenyewe. Ni jambo lilelile Goolsbee na Syverson waliloliona, ila kwa bodaboda.

Kisha namba zikasimama. Takwimu za mwisho za taifa zilitoka Aprili 29, 2020, na hesabu ya nchi ikabaki kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Mei 3, akiwa Chato, Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai, mbuzi na kware zilipelekwa maabara kwa siri na baadhi zikarudi na majibu kwamba zina korona. Mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa. Aprili hiyohiyo gazeti la Mwananchi lilikuwa limesimamishiwa leseni ya mtandaoni kwa miezi sita na kutozwa faini ya shilingi milioni tano kwa picha ya Rais katika msongamano wa watu. Julai zikaja kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni, zilizokataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa wa kuambukiza bila idhini ya mamlaka. Redio zetu za kusini zikarudi kwenye bei ya mbaazi na matokeo ya ligi.

Ndoo zikaanza kukauka. Kufikia Julai nyingi zilikuwa zimeondolewa milangoni. Julai 29, 2020 maelfu walikusanyika Lupaso, Masasi, kumzika Rais mstaafu Benjamin Mkapa. Siwalaumu hata mmoja. Kwa habari walizokuwa nazo, korona ilikuwa imekwisha nchini, na mtu huamua kwa anachokijua.

Januari na Februari 2021 misiba ilifuatana. Hakuna aliyesema korona. Tulisema "changamoto ya upumuaji", na jina lile lilikuwa na kazi moja, kuficha. Aliyesikia jirani amekufa kwa changamoto ya upumuaji hakujua avae barakoa, akae mbali na mama yake mgonjwa wa kisukari, au apige nyungu tu yaishe. Februari 17 alifariki Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye chama chake kilikuwa tayari kimesema ana korona, na hilo likawatikisa wengi kwa kuwa jina lilitajwa. Mapema Machi Baraza la Maaskofu Katoliki lilisema mapadre zaidi ya 25 na watawa wa kike 60 wamefariki ndani ya miezi miwili kwa shida ya kupumua. Kanisa liliweza kusema kwa sababu linawajua watu wake kwa majina na huwahesabu. Wakulima wa ufuta nani aliwahesabu?

Baada ya Machi 2021 mambo yalibadilika. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, Julai 28 akachanjwa hadharani, takwimu zikaanza kutoka tena, na ugonjwa ukapewa jina rasmi la Kiswahili, Uviko-19. Hesabu ya Tanzania katika kumbukumbu za dunia ni vifo 846. Ndani ya hesabu hiyo kuna zaidi ya mwaka mzima usiokuwa na taarifa za mara kwa mara, ukiwemo mwanzo wa 2021. Kwa hiyo anayesema tulifaulu na anayesema tuliangamia, wote wanasimama juu ya shimo lilelile. Kutowafungia watu ndani ulikuwa uamuzi sahihi kwa nchi yetu, na ninausema hivyo bila woga. Kufungia habari lilikuwa kosa, na kosa lile liliuondolea uamuzi wa kwanza nguvu yake. Ukimwacha mtu huru kutoka, mpe basi kitu cha kuamulia atoke lini, aende wapi, amkwepe nani.

Nilisema nitarudi Newala. Ile chikungunya ilijulikana duniani kwa sababu waliougua waliruhusiwa kuiita wanavyoiona, na waliokuja kuchunguza waliandika walichoambiwa. Miaka 70 baadaye, Julai 2022, kusini tulipata tena ugonjwa usiojulikana, safari hii Ruangwa, mkoa wa Lindi. Wagonjwa walifika zahanati na kituo cha afya cha Mbekenyera wakiwa na homa, kichwa kuuma, uchovu, wengine wakitoka damu puani. Walikuwa 20, watatu wakafariki. Safari hii wizara ilisema hadharani kwamba kuna ugonjwa ambao bado haijaujua, ikatuma timu, na ndani ya siku chache ikarudi na majibu: ni leptospirosi, bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa wanyama kama panya, na hutibika kwa dawa. Ikaupa na jina, Homa ya Mgunda. Wayao wanaliita shamba mgunda, kwa hiyo huku hakuna aliyehitaji kuuliza ugonjwa unapatikana wapi.

Mjomba aliisikia redioni jioni. Kesho yake asubuhi nilimkuta Mikindani amepandisha magunia ya mahindi juu ya mbao, amefunika ndoo zote za maji, na anamwuliza binti yake kwa simu kama viatu vya mpira vinasaidia mtu akiwa shambani.